Ukilala, Pua Nayo Imelala

Je, chumba chako kikishika moto usiku wa manane, utajuaje? Wengi hujibu, "Si nitasikia harufu ya moshi!" Usijidanganye. Mtu akilala, pua nayo imelala. Harufu haitegemewi kumwamsha. Tena ndani ya moshi mna hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na usingizi unazidi kuwa mzito.

Sikio ndilo linaloweza kumwamsha aliyelala, na king'ora cha moshi hutumia sikio. Ni kidude cha plastiki, kama kisosi, hufungwa darini. Aina moja ina taa ndogo na jicho la umeme ndani: moshi ukiingia, mwanga hutawanyika, jicho linauona, kelele inaanza.

Kule England, tangu Oktoba 2015 sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke king'ora cha moshi kila ghorofa inayokaliwa, na kiwe kizima siku mpangaji anapoingia. Oktoba 2022 sheria ikakazwa. Chumba chenye boila ya gesi au jiko la kuotea moto lililojengewa humo sharti kiwe pia na king'ora cha kaboni monoksaidi, na mpangaji akisema kimeharibika, mwenye nyumba akitengeneze au alete kingine. Akikaidi amri ya halmashauri, faini yaweza kufika pauni 5,000.

Sasa turudi kwenye geto lako, wewe unayepanga mtaani ili uwe karibu na shule. Hapo king'ora hakuna. Na hata ungekuwa na kile cha moshi, mkaa uliokolea hautoi moshi wa kukiliza, ila sumu inatoka vilevile! Ndiyo maana watu huingiza jiko ndani kipindi cha baridi wakidhani halina neno kwa vile halifuki.

Basi pikia nje, na jiko libaki huko hadi majivu yapoe. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Mkiwa chumbani na jiko, kichwa kikaanza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, tokeni nje wote mara moja. Asiyeamka mburuteni, mkimbizeni hospitali. Na mwenye nyumba akikataza kupikia barazani, nendeni wapangaji wote pamoja mkamweleze kwa nini.