SOMO LA BIASHARA: JINSI YA KUELEZA BIDHAA MBELE YA MNUNUZI MKUBWA

Katika Soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, mnunuzi huuona mkungu wa ndizi, huuinua, kisha huulizia bei. Mambo hubadilika kikundi cha wakulima kinapoalikwa na shule ya bweni, hoteli au supamaketi kueleza bidhaa zake. Mnunuzi wa aina hii halioni shamba. Hofu yake ni kukosa mzigo siku anapouhitaji, na maelezo ya kikundi yanapaswa kumwondolea hofu hiyo.

Kabla ya kikao

Kikundi kiulize mapema: zinatakiwa ndizi za kupika au mbivu? Kiasi gani, na siku zipi?

Hesabu ifanywe kwa kilo, kwa kuwa mikungu hailingani. Kwa mfano, wakulima 20 wakitoa mikungu 3 kila mmoja kwa wiki, jumla ni mikungu 60. Wakipima michache na kupata wastani wa kilo 20, wana kilo 1,200. Waahidi kilo 1,000. Zinazobaki ni akiba, endapo ndizi zitachubuka njiani au mkulima mmoja atakosa kuleta. Mizani iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri na afisa wa vipimo.

Bei ijumuishe gharama za kukata, kupakia na usafiri. Wanachama wakubaliane kiwango ambacho hawatashuka chini yake.

Siku ya kikao

Mtu mmoja azungumze kwa dakika 10 hivi, kwa mpangilio huu:

1. Haja ya mnunuzi, jinsi kikundi kilivyoielewa.
2. Kiasi kitakachopatikana kila wiki.
3. Ubora, kwa kuonyesha sampuli.
4. Bei ya mzigo ukifikishwa hadi mlangoni.
5. Siku na saa ya kufikisha.

Sampuli iwe ya kawaida. Kikundi kikipeleka mkungu mnono kuliko yote, mzigo wa kwanza utaonekana duni. Badala ya kusifu ndizi, waombe mpishi apike chane moja na kuonja. Mwishoni waache karatasi moja yenye takwimu hizo na nambari ya simu.

Maswali na malipo

Mnunuzi huuliza: mvua ikiharibu barabara, itakuwaje? Jibu liwe tayari. Lisipokuwepo, msemaji ataje siku atakayolileta.

Kikundi nacho kiulize malipo hutolewa baada ya siku ngapi, kwani mkulima asiyeweza kusubiri atauzia mtu mwingine na mzigo utapungua.

Kwa taasisi za umma, sheria hutenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mradi biashara au kikundi kiwe kimesajiliwa. Vyeti vibebwe siku hiyo.

Ahadi ni deni: kilo zilizotajwa kikaoni ndizo mnunuzi atakazodai.