Ndago: Magugu Shambani, Dawa kwa Wahindi

Mkulima wa Kakese, ndago unaing'oa kila msimu, nayo inarudi. Sababu ni viazi vyake vidogo vyeusi vyenye harufu nzuri, vilivyoungana chini ya udongo. Kikibaki kimoja, huchipua upya.

Katika Ayurveda, tiba ya kale ya India, viazi hivyo huitwa musta. Huoshwa, hukaushwa na kusagwa, vikatumika kwa homa na kuhara.

Hata hivyo, zingatia haya. Kwanza, usichimbe dawa kwenye shamba lililopuliziwa sumu ya magugu, wala karibu na choo. Pili, mtoto anayeharisha huuawa na kupungukiwa maji mwilini, na unga wa ndago haurudishi maji hayo. Mnyonyeshe, mpe ORS. Ikikosekana, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Tatu, akitumbukia macho, akishindwa kunywa au akiharisha damu, mpeleke zahanati mara moja.

Mtoto ni amana. Usimcheleweshe kwa majaribio ya mizizi.