SOMO: MWENZETU ASIYEWEZA KUSEMA VIZURI

Tujifunze leo juu ya kazi ya ortofonisti. Wabelgiji wanamwita lojopede. Ni mufundi wa afya anayesaidia mutu mwenye shida ya kusema, ya kuelewa maneno, ao hata ya kumeza chakula.

Wengi hapa kwetu wanafikiri: mutu asiyesema vizuri iko mujinga, ao amelogwa. Si kweli. Mwaka 1861, kule Paris, munganga Paul Broca alipokea mugonjwa aliyeweza kusema neno moja tu: «tan». Lakini alielewa mambo mengi aliyoulizwa. Alipokufa, Broca alitazama ubongo wake, akaona umeharibika upande wa kushoto, kwa mbele. Kumbe mahali pa usemi paliharibika, si akili yote!

Sababu ni mingi:

1. Malaria kali yenye kupanda kichwani. Kule Kilifi, Kenya, wachunguzi waliona kwamba watoto wengine wanapona homa, lakini usemi unabaki na shida.

2. Masikio yenye kutoka usaha bila kutunzwa. Mutoto asiyesikia maneno, atayajua namna gani?

3. Mudomo ao kaakaa yenye kupasuka tangu kuzaliwa. Munganga anashona, kiisha mutoto anahitaji mazoezi ya kusema.

4. Kigugumizi. Si uvivu wala ujinga, na kicheko kinakiongeza.

Lakini kusema Kilendu nyumbani, Kiswahili shuleni na Lingala sokoni, ile haileti ugonjwa.

Ortofonisti hafanyi kazi kwa sindano. Anasikiliza, anapima, anatoa mazoezi ya ulimi, ya pumzi na ya maneno, tena anafundisha wazazi kuyaendelesha nyumbani. Karibu na sisi, Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza kufundisha kazi hii mwaka 2008.

Kampala ni mbali, lakini kalasi yetu iko hapa. Mwenzako akikwama, umungoje. Usimumalizie neno, usicheke. Mwalimu amupe nafasi ya kujibu pole pole, ao kwa kuandika. Kwa maana anayejua jibu na kunyamaza kwa kuogopa kicheko, anapata sifuri isiyo yake.

MASWALI
1. Mugonjwa wa Broca anatufundisha nini?
2. Kwa nini sikio lenye usaha linaweza kuharibu usemi?
3. Katika kalasi yenu, nani ananyamaza sana? Mutamusaidia namna gani?