Kufua Hakuishii Kwenye Karai



Leo tutajifunza juu ya kazi inayofanywa katika kila nyumba. Kazi hiyo ni kufua nguo. Huenda utasema, "Kufua nani asiyejua?" Ni kweli, kufua unajua. Lakini tuulizane. Je, umewahi kuona mtoto ana majipu mgongoni au kiunoni, na kila jipu lina tundu dogo katikati? Ukilitazama kwa makini, unaona kitu kinachezacheza ndani. Wengine husema mtoto amelogwa. Hakulogwa. Huenda ugonjwa huo ameupata kwenye nguo zake, tena nguo zilizofuliwa kwa sabuni.

Tutafika huko. Kwanza tutazame maji.

Watu wengi hufulia ziwani, bwawani au mtoni, miguu ikiwa ndani ya maji. Katika maji yaliyotulia huishi konokono wadogo wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hutoka kwenye konokono, huogelea, na hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Si lazima unywe maji hayo. Kusimama ndani yake kunatosha. Kwa hiyo ni bora kufulia nyumbani, kwa maji ya kisima au ya bomba. Kama hakuna maji ila ya bwawa, yachote bila kukawia ndani yake. Kisha yafunike, yakae siku 2 nzima kabla ya kuyatumia. Vijidudu visipopata mtu hufa katika muda huo. Tunajua kubeba maji ni kazi nzito, na mara nyingi kazi hiyo wameachiwa akina mama. Akina baba, ndoo haichagui kichwa.

Maji ya kisima nayo yana taabu yake. Katika sehemu za Dodoma na Singida, kwa mfano, unaweza kusugua sabuni mpaka mche unakwisha, na povu hulioni. Unaona utando mweupe tu juu ya maji. Nguo nyeupe inakuwa ya kijivu, tena inakakamaa. Usiilaumu sabuni. Hayo ni maji magumu. Yalipopita ardhini yaliyeyusha chokaa, na chokaa hiyo huishika sabuni kabla sabuni haijaushika uchafu. Mvua zikinyesha, kinga maji ya paa uyaweke kwa kufulia, maana hayana chokaa. Wakati wa kiangazi, tia kijiko kidogo cha magadi katika ndoo ya maji. Koroga, yaache yatulie, kisha mimina maji ya juu na kuacha machicha chini. Usizidishe magadi, yatakuchubua mikono. Suuza nguo vizuri.

Juu ya madoa tutasema machache. Doa la damu lifue mapema kwa maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto huligandisha kwenye uzi. Kanga mpya ifue peke yake mpaka maji yake yatoke meupe, la sivyo shati la mwenzio litageuka kuwa la waridi. Nepi ya mtoto ikunguteni chooni kwanza, kisha ifuliwe na kuchemshwa. Kinyesi cha mtoto hueneza ugonjwa sawasawa na cha mtu mzima. Na kama nyumbani mna upele, dawa peke yake haitoshi. Siku mnayopaka dawa, watu wote wa nyumba wapake. Siku hiyohiyo fueni kwa maji ya moto nguo na mashuka yaliyotumika siku 3 zilizopita.

Sasa nguo zimefuliwa na kusuuzwa. Unazianika wapi?

Hapa ndipo kwenye jibu la swali letu. Kuna nzi mmoja mnene, mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, rangi yake kama majani makavu. Nzi huyu hapendi jua kali. Hukaa kivulini, na hutaga mayai yake kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo au kwenye nguo mbichi. Mayai ni madogo sana, hutayaona. Baada ya siku 1 hadi 3 huanguliwa yakawa mabuu. Mtu akivaa nguo hiyo, buu huhisi joto la mwili, hupenya ngozi, na hukua humo kwa siku 8 hadi 12. Basi jipu lile si jipu, ni nyumba ya buu. Wala si funza wa miguuni. Huyo ni mdudu mwingine.

Watu wengi huanika kanga kivulini ili rangi isipauke. Nia ni nzuri, lakini kivuli ndicho anachokitaka nzi huyu. Fanya hivi: igeuze kanga, upande mzuri uwe ndani, kisha uianike juani. Anika kwenye kamba, si juu ya nyasi, wala majani, wala mchanga. Nguo ikauke kabisa, na uianue kabla ya jioni.

Halafu piga pasi. Pasi ya mkaa si ya kwenda harusini tu. Joto lake huua mayai. Pitisha pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono, kwenye mikunjo na kiunoni mwa kaptula, kwa sababu mayai hujificha hapo. Anza na nepi, nguo za watoto, nguo za ndani na mashuka. Kama huna pasi wala huwezi kuazima, na nguo ilianikwa kivulini au chini, ikunje uiweke ndani wiki 2 bila kuivaa. Mabuu yatakufa kwa kukosa mwili.

Na yule mtoto ambaye tayari ana mabuu? Usilikamue jipu mara moja, wala usilichokoe kwa sindano. Lipake mafuta mazito ya kujipaka mpaka tundu lizibe kabisa. Buu hupumulia kwenye tundu hilo. Likikosa hewa, baada ya saa chache litajitokeza. Hapo bonyeza taratibu kwa vidole gumba viwili, kushoto na kulia, litoke zima. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Lakini buu likikatikia ndani, au mtoto akipata homa, au majipu yakiwa mengi au yako karibu na jicho, mpeleke zahanati siku hiyohiyo.