Miche inalala kitaluni: tuangalie shingo yake

Kila mwanzo wa majira tunaitwa kwenye vitalu vya shu na tomati, na maneno ni yale yale: «Jana ilikuwa mizuri, leo asubuhi imelala.» Majira yaliyopita mama mmoja alitupeleka kwake. Mbegu alikopa kwenye sanduku ya kooperativa. Alisia mara mbili mahali pale pale, na mara mbili zikafa. Sisi wenyewe, mara ya kwanza, tulimwambia aongeze maji. Tulikosa.

Vuta mche mmoja polepole, utazame shingo pale inapotokea udongoni. Kama ni mnyoo, umekatwa sawa kwa kisu. Chimbua karibu, utamkuta amejikunja. Lakini kama shingo imekuwa nyembamba kama uzi, laini, rangi ya kahawia, huo ni ugonjwa wa kuvu, ule mnasikia tukiuita «fonte des semis». Vijidudu vyake, kama Pythium na Rhizoctonia, vinakaa ndani ya udongo. Pythium inapenda maji kabisa: chembe zake zinaogelea kutoka mche mpaka mche. Ndiyo maana doa linaanza padogo kisha linapanuka. Kumwagilia zaidi ni kuisaidia kutembea.

Mche ulioanguka hauponi, usipoteze feza kuununulia dawa. Ng'oa wagonjwa pamoja na udongo wa pembeni, utupe mbali, si kwenye mboleo. Simamisha maji siku moja mbili, punguza kivuli, ondoa majani makavu uliyofunika. Ile iliyobaki umwagilie asubuhi tu. Jioni udongo unalala na maji usiku muzima.

Kitalu kipya kisirudi pale pale. Inua tuta sentimita 15 hadi 20, usichague bondeni juu ya kukaribia mto. Samadi iwe imeoza vizuri. Siku chache mbele ya kusia, mwaga maji yanayochemka juu ya tuta, uache lipoe. Sia kwa mistari, sentimita 10 kati yao, mbegu chache. Hapa wengi wanabishana nasi, wanaona nafasi inapotea; miche iliyobanana haipiti hewa. Na mbegu za kopo zilizopakwa dawa ya rangi, hazioshwi wala haziliwi.

Yule mama alisia mara ya tatu, juu ya mteremko. Alipata miche ya kupanda, ila majira yalikuwa yamekwisha kusonga, na deni la mbegu bado analilipa. Kamati yenu inaweza kuamua: mbegu za kukopesha zisitolewe mbele ya kitalu kutembelewa.