SOMO LETU: Mafuta Juu ya Maji ya Vyombo

Leo tujifunze kutoka jikoni.

Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862, akaishi Braunschweig, Ujerumani. Alitamani sana kusoma fizikia, lakini wakati ule vyuo vikuu vya huko havikupokea wanawake. Basi akabaki nyumbani akipika na kuuguza wazazi.

Akiosha vyombo aliona vile mafuta yanatanda juu ya maji. Akatengeneza karai la bati, akaweka kipande cha bati cha kuyasukuma mafuta hayo, akapima uso wa maji unavyobadilika. Mdogo wake aliyekuwa chuoni alimpatia vitabu.

Mwaka 1891 alimwandikia Lord Rayleigh, mwanasayansi wa Uingereza. Huyo hakumdharau, alipeleka barua ile kwa jarida la Nature, ikachapishwa.

Wengine wakaendeleza njia yake. Mwaka 1925, huko Leiden, Uholanzi, Gorter na Grendel walitoa mafuta kwenye chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji. Yalifunika eneo kama mara mbili ya lile la chembe zenyewe. Wakasema: ngozi ya chembe ni mafuta ya tabaka mbili. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa hata leo.

Mwaka 1932 Agnes, akiwa na miaka 70, alipewa shahada ya heshima na chuo cha Braunschweig.

Tujadiliane:
1. Ni nani kikundini mwetu ana ujuzi, lakini hatumsikizi kwa sababu hakusoma?
2. Mkutano ujao tutampaje nafasi?