Pikipiki inalia, wewe unaongeza muziki

Mdogo wangu, kaa hapa kwanza, hiyo spana iweke chini. Ninajua pikipiki yako inalia kila ukikanyaga freni, na ninajua ulichofanya: umeongeza sauti ya muziki. Hauko peke yako. Ukisimama jioni karibu na soko kuu la Butembo utazisikia zikipita, chuma kinasaga chuma, na vijana wanatazama mbele. Sikushangai. Mwenye pikipiki anangoja hesabu ya siku, mtoto anadaiwa pesa ya shule, na ganitire, zile pedi za freni, zinaambiwa zisubiri wiki ijayo.

Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu wa kwako utajengwa juu ya mifupa ya watu. Mji wetu ni wa vilima. Nyuma yako anapanda mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mapajani, na yeye hajui lolote kuhusu freni zako. Amekuamini tu. Hata mwenye chukudu, chombo cha mbao tupu, ana kipande cha tairi anachokikanyagia gurudumu la nyuma, na kikiisha anakibadilisha. Wewe mwenye injini unabishana?

Unauliza kama unaweza kuzibadilisha mwenyewe nyumbani. Unaweza, ndiyo, ganitire za ngoma si uchawi. Tazama kwanza ule mkono mdogo wa chuma unaovutwa na fimbo ya freni. Kwenye pikipiki nyingi kuna mshale hapo. Ukikanyaga pedali na mshale ukafika kwenye alama, ganitire zimeisha. Na usipouona mshale, fungua utazame. Zikibaki na unene wa milimita 2, usiniambie zitafika Jumapili.

Ukishaitoa ngoma utakuta vumbi. Tafadhali usilipulize, si kwa mdomo wala kwa pampu, na watoto wasikuzunguke. Ganitire nyingine bado zinatengenezwa kwa asbesto, kitu ambacho Umoja wa Ulaya ulikwisha kukikataza mwaka 2005 kwa sababu kinaleta saratani ya mapafu. Ugonjwa wake hauji kesho, unakuja baada ya miaka ishirini au zaidi, wakati umeshasahau ulivyopuliza. Chukua kitambaa chenye maji, futa taratibu, kitupe. Kisha tazama ndani ya ngoma yenyewe, mara nyingi wameandika kipenyo chake cha mwisho. Ngoma ya milimita 110 kwa kawaida haitakiwi kupita 111. Ikipita, ganitire mpya hazitakusaidia.

Sasa nikukemee kidogo. Kuna ule ujanja wa kuingiza kipande cha bati ili ganitire zilizokwisha zisogee mbele. Pedali inakaza siku mbili tatu, unajisifu kwamba umeokoa pesa. Bati likiteleza, freni inakataa kabisa au gurudumu linajifunga katikati ya mteremko, na pesa uliyookoa utaimaliza hospitalini. Badilisha zote mbili pamoja, na springi zake ukiweza. Grisi ni tone dogo kwenye kamu tu. Ikigusa ganitire, hizo zimeharibika. Kuziosha kwa esansi ni kujidanganya.

Na pini! Kuna fimbo inayoishika sahani ya freni isizunguke, na nati yake ina pini. Vijana wengi huirudisha bila pini kwa sababu ya zamani imevunjika na giza limeingia. Nati ikifunguka njiani, siku ukikanyaga kwa nguvu sahani itazunguka pamoja na gurudumu na kuvunja kila kitu. Kama pini haipo, kazi haijaisha, lala, kesho utanunua.

Kabla ya kukaza ekseli, kanyaga pedali na uishike, ili sahani ikae katikati. Halafu rekebisha: pedali icheze sentimita 2 au 3, gurudumu lizunguke bila kusugua. Jaribu mahali tambarare, polepole, peke yako. Ganitire mpya hazishiki vizuri siku za kwanza, kwa hiyo usianze na mteremko wala na mzigo. Hayo yote ni ya ngoma; zile freni za diski zina mafuta yake. Usitie ya injini wala maji ya sabuni, na kama hujawahi kuzigusa, mpelekee fundi.

Jambo linaloniumiza zaidi ni lile la kuzima injini mteremkoni ili kubana esansi. Ukizima, uzito wote unabaki juu ya freni, ngoma inapata moto, na freni iliyopata moto haishiki. Shuka na injini ikiwaka, kwa gia ya pili, ikushikilie. Ninajua kwenye Barabara ya Taifa namba 2, kutoka hapa kwenda Beni, watu wanakimbia giza, na wana sababu ya kuogopa. Sitamlaumu mtu kwa hofu yake. Lakini anayekimbia kwa hofu ndiye anayehitaji freni kuliko wote.

Kama mkono unasita, usione haya. Mpelekee fundi, ukae pembeni umtazame, umwombe akuonyeshe ganitire za zamani. Fundi mzuri hakasiriki. Na mwenye pikipiki akikuuliza kwa nini hesabu ya leo imepungua, mwonyeshe hizo za zamani mkononi. Akikataa kuzilipa, mrudishie ufunguo wake. Kesho asubuhi, kabla hujapakia mtu yeyote, nenda kanunue ganitire.